Weka ukaguzi wa pointa ndani ya DEFINE_FREE

Ukitumia `__free()` (alama inayofanya kumbukumbu ya pointa iachiliwe yenyewe pointa inapotoka kwenye wigo wake) kwenye kerneli ya Linux, ukaguzi uwe ndani ya makro yenyewe ya `DEFINE_FREE`, ambamo `_T` ndiyo pointa inayoachiliwa:

`DEFINE_FREE(kfree, void *, if (!IS_ERR_OR_NULL(_T)) kfree(_T))`

Ni kweli `kfree(NULL)` haina madhara (`kfree` ni funksheni ya kuachilia kumbukumbu ya kerneli), ila kompaila haioni yaliyomo ndani ya `kfree`. Ikiliona sharti hapa, hufuta wito mzima pale `no_free_ptr()`, inayokabidhi pointa kwingine ili isiachiliwe, inapoacha NULL mahali pake. Na usiishie `if (_T)`: `ERR_PTR(-ENOMEM)`, yaani msimbo wa kosa uliovikwa umbo la pointa, si NULL, kwa hiyo itapenya na `kfree` itapewa anwani ya uongo. Pointa isiyo na thamani ya mwanzo haiokolewi na ukaguzi wowote. `return` ikitangulia kabla haijapewa thamani, takataka za steki ndizo zitakazoachiliwa. Andika `= NULL`, au bora zaidi, itangaze palepale inapopewa thamani.