Jinsi ya kuandika tangazo la mdhamini kwenye jarida la imeili, msomaji asiliruke

Kama unaandika jarida la imeili huku kwetu nyanda za juu kusini, liwe la wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe, liwe la bei za mchele wa Kyela na Mbarali, liwe la vijana wa Mbeya mjini wanaotafuta kazi, ukishapata wasomaji mia kadhaa wanaokusoma kweli basi siku si nyingi atakuja mwenye duka akwambie na mimi nataka nitangaze humo. Hongera, ila hapo ndo kazi inaanza, manake kitu cha kwanza atakachokutumia ni posta. Ile ya WhatsApp, rangi tano, namba nne za simu, KARIBUNI WATEJA WETU WOTE, bei poa, huduma bora. Na atataka uibandike kama ilivyo.

Usiibandike. Simu na programu nyingi za imeili zinaweza kuwa zimezimwa zisifungue picha zenyewe, na mtu anayebana bando haziwashi, kwa hiyo anachoona ni kiboksi cheupe kitupu ambacho mdhamini wako amekilipia. Akiiona pia, namba ya simu iliyo ndani ya picha hawezi kuibonyeza ikapiga, inabidi achukue kalamu aandike, na hatachukua kalamu. Halafu zaidi ya yote posta haimwambii kitu. Kila duka la Mwanjelwa lina bei poa na huduma bora.

Mi nina kanuni moja tu na mengine yote hapa chini yanatoka humo: tangazo uliandike wewe mwenyewe, kwa sauti ileile unayoandikia barua nzima ya jarida lako, na ndani yake kuwe na kitu ambacho msomaji atakitumia hata asiponunua chochote. Yule msomaji alikupa imeili yake kwa sababu yako, anakuamini wewe, mwenye duka hamjui bado, kwa hiyo zile sentensi sita za tangazo lazima zimfae kama barua yenyewe inavyomfaa.

Sasa unaanzaje. Unaanza kwa kumwendea mdhamini, sio kumtumia fomu. Ukifika dukani unasema mama shikamoo, posta yako nimeiona, ile ibandike hapa mlangoni itapendeza, ila kwenye barua naomba nikuandikie mimi, nitakuletea uisome kabla sijatuma. Wengi wanakubali hapohapo kwa sababu kuandika kunawachosha. Halafu unakaa naye unamuuliza maswali, na swali lenye dhahabu ni hili: wateja wakija hapa wanakosea nini mara nyingi? Sio "unauza nini", hilo utaliona kwenye rafu. Muulize wanakosea nini, wanarudi kulalamika nini, wanauliza nini kila siku mpaka umechoka kujibu. Mwenye mbao wa Mafinga atakwambia watu wananunua mbao mbichi halafu zinapinda wakishapaua, mwenye duka la pembejeo Uyole atakwambia watu wanatupa pakiti ya mbegu kabla hawajaihakiki, fundi simu wa Kabwe atakwambia watu wanaweka simu iliyolowa kwenye chaja. Jibu hilo ndo tangazo lako, hujabuni chochote, umesikiliza tu.

Tuchukue la pembejeo. Posta inasema "Tunauza mbegu bora za mahindi kwa bei nafuu, karibu sana". Wewe andika hivi:

TANGAZO (limelipiwa na duka la pembejeo, Uyole)
Kabla hujafungua pakiti ya mbegu msimu huu itazame kwanza, ina lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha mbegu? Kuna namba ya kukwangua hapo, ikwangue uihakiki kwa simu yako ukiwa bado dukani, sio ukiwa shambani Mbalizi mvua imeshaanza. Na ukishapanda, pakiti na risiti usitupe, mbegu zikigoma kuota ndo ushahidi wako. Mama mwenye duka hili anakuachia ukwangue mbele yake kabla hujalipa. Ukifika mwambie umetoka kwenye barua ya Alhamisi.

Ona kilichotokea. Msomaji ambaye ananunua mbegu Tunduma au Makambako na hatafika Uyole maisha yake yote, naye amepata kitu. Na mama hajasifiwa hata sehemu moja, hamna "bora" wala "nambari moja", ila sentensi ya "anakuachia ukwangue mbele yake" inamwuza kuliko posta nzima. Tafuta sentensi kama hiyo kwa kila mdhamini, kitu kimoja anachofanya ambacho jirani yake hafanyi, na hakikisha ni kweli anakifanya, nenda ukaone.

Nyingine hii ni ya Iringa, ya msimu wa baridi:

TANGAZO (limelipiwa na muuza vifaranga, Ipogolo)
Usiku huu kabla hujalala mulika tochi kwenye banda. Vifaranga wamerundikana chini ya taa wanalialia? Wana baridi. Wamekimbilia pembeni, midomo wazi, wanahema? Joto limezidi. Wametawanyika, wengine wanakula wengine wamelala? Hapo umepatia. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi kama 32 mpaka 35, na Juni ya huku kwetu haikupi hizo, lazima uzitafute kwa taa au jiko, na ukitumia jiko la mkaa acha hewa ipite. Kaka huyu anauza vifaranga wa siku moja na ukinunua anakuandikia ratiba ya chanjo kwenye karatasi.

Hii watu wataforwadi kwa shemeji zao wanaofuga, tangazo kabisa, wanaforwadi wenyewe. Ndo maana nasema usione tangazo kama gharama ambayo msomaji anakuvumilia, linaweza kuwa ndo kipande kinachopendwa kuliko vyote kwenye barua ya wiki hiyo.

Ukishalizoea hilo unaweza kuchezea maumbo mengine. Moja ninalolipenda sana ni kudhaminisha kipengele. Kama barua yako ina kipengele ambacho watu wanakishukia kwanza, tuseme bei za wiki za Mwanjelwa na Soko Kuu la Iringa, unamuuzia mdhamini haki ya kuandikwa pale juu, "bei za leo zimewezeshwa na fulani", mstari mmoja tu, mwezi mzima. Halazimiki kusema chochote zaidi, anakaa pale kila wiki mpaka jina lake linazoeleka. Ila mwambie mapema kabisa kwamba bei utaziandika kama zilivyo sokoni, hata kama yeye mwenyewe ni mfanyabiashara wa mchele na bei imeporomoka.

Umbo lingine ni mfululizo. Mdhamini akilipia barua nne usirudie tangazo moja mara nne, igawe habari. Mtu anauza miche ya parachichi ya Hass: wiki ya kwanza andika kuchagua sehemu ya shamba isiyotuamisha maji, manake mizizi ya parachichi inaoza haraka maji yakisimama, wiki ya pili kuchimba mashimo, wiki ya tatu kukagua mche wenyewe pale ulipobebeshwa kama umeshika vizuri, wiki ya nne sasa ndo miche ipo, njoo. Msomaji wa wiki ya tatu tayari ana mashimo. Hapo unamuuzia mtu aliyekwisha jiandaa.

Swali pia linafanya kazi, unauliza swali moja, majibu wanakujibu kwenye imeili hiyohiyo, wiki ijayo unatoa jibu na mdhamini anatoa zawadi ndogo dukani kwake, na zawadi iwe kitu anachouza ili mtu afike pale. Na kuna matangazo madogo ya mwishoni, maneno yasizidi 25 kila moja, kwa watu wasio na hela ya tangazo kubwa: chumba Soweto, cherehani inauzwa, viazi mbegu vipo Isyonje. Haya weka bei ya chini sana. Kipato chake ni kidogo lakini yule dada wa cherehani mwaka kesho anaweza kuwa na duka.

Muda. Hapa watu wanapoteza hela za wadhamini bila sababu. Mvua zetu zinaanza kuelekea Novemba na Desemba na ni msimu mmoja, kwa hiyo tangazo la mbegu na mbolea linatakiwa Septemba na Oktoba mtu akiwa anaandaa shamba, likitoka Desemba ameshanunua. Masweta na mablanketi anza Mei, usingoje Julai watu wa Makete na Njombe wameshatetemeka wiki sita. Juni mpaka Agosti mahindi yamevunwa, hela zipo mfukoni, hapo ndo mabati, simenti, pikipiki, na kama mdhamini ana banda Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale mwandikie tangazo linalomwelekeza mtu bandani. Januari ni sare na madaftari. Chora kalenda hiyo kwenye karatasi, nenda nayo kwa mdhamini, utaona anavyokuheshimu.

Mambo ambayo hayana mjadala kwangu. Neno TANGAZO likae juu kabla ya sentensi ya kwanza, herufi zinazoonekana, sio mwishoni kwa maandishi madogo. Orodha ya imeili za wasomaji mdhamini hapewi, hata alipe mara mbili, hata awe mjomba wako. Walikupa wewe, na sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo sio suala la adabu peke yake. Na kuna matangazo ya kukataa: mikopo ya kausha damu, kamari, dawa moja inayotibu magonjwa kumi na mbili, viuatilifu visivyosajiliwa. Najua inauma kukataa laki moja wakati bando lenyewe unakopa, lakini mtu akiumia kwa kitu alichokisoma kwako hurudishi ule uaminifu kwa barua ya kuomba radhi. Mdhamini ana haki ya kusahihisha bei, namba na mtaa, maneno ya sifa hana haki ya kuyaongeza.

Kwa upande wa mitambo fupi tu. Usinakili maandishi kutoka Word ukabandika moja kwa moja, yanakuja na takataka nyingi za msimbo zisizoonekana, na Gmail ikikuta ujumbe umezidi KB 102 inaukata, msomaji anabonyeza kuona uliobaki au habonyezi, na tangazo la chini limekwenda. Weka tangazo kubwa katikati, baada ya habari ya kwanza. Kitufe cha kujitoa kionekane wazi, tangu 2024 Gmail na Yahoo wanalazimisha watumaji wakubwa, kwa Gmail ni wale wa imeili 5,000 na zaidi kwa siku, waruhusu kujitoa kwa kubofya mara moja, na Gmail inataka malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu kwa elfu. Hujafika huko bado, sawa, ila tangazo la hovyo ndo linalomfanya mtu abonyeze spamu.

Kupima sasa, na hapa ndo ubunifu wa kwetu unapohitajika kweli. Usimuuzie mdhamini idadi ya waliofungua. Tangu Apple walete ulinzi wa faragha kwenye programu yao ya imeili 2021, seva zao zinapakua picha zenyewe hata mtu hajasoma, kwa hiyo ile asilimia inaweza kudanganya. Kubofya kuna maana zaidi, lakini mteja wa huku mara nyingi habofyi, anapiga simu au anapita dukani siku ya gulio. Kwa hiyo tumia neno la kutaja. Kila mdhamini mpe neno lake, mmoja Kitonga, mwingine Ngozi, mwingine Isimila, msomaji akifika analitaja anapata punguzo dogo au kifungashio bure, na mwenye duka anachora mstari kwenye daftari kila likitajwa. Pia linki ya WhatsApp unaweza kuiwekea ujumbe tayari, mtu akibonyeza inafunguka imeshaandikwa "Habari, nimeona miche kwenye barua", yeye anatuma tu, na mdhamini anajua katoka wapi.

Bei anza na bei moja kwa barua moja, isiyopanda wala kushuka katikati ya mwezi. Ukitaka kuipata, mfano una wasomaji 900 na umeamua kila mmoja ni shilingi 60, inakuwa 54,000. Wa barua nne mpunguzie kidogo, wa kipengele cha bei za soko mwongezee kwa sababu pale macho ni mengi. Chukua hela kabla ya kutuma, andika risiti hata kama ni rafiki yako.

Siku tano baada ya barua kutoka rudi dukani ukalione lile daftari. Mistari ikiwa kumi mwambie kumi, ikiwa miwili mwambie miwili, halafu muulize hao wawili walinunua nini na waliuliza nini, manake swali waliloliuliza ndo tangazo lake la mara ya pili.