Kufungua tawi la chama cha wafanyakazi kazini, kuanzia fomu ya kwanza hadi mkataba wa hali bora

Kuna namba tatu za kukariri kabla hamjaanza. Wanachama 10 wanatosha kufungua tawi mahali pa kazi. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi ndio wanaokipa chama haki ya kujadili mishahara na masharti ya kazi kwa niaba ya wote, na kuyaandika mliyokubaliana na mwajiri katika mkataba wa hali bora. Na siku 30 ndio muda aliopewa mwajiri kukutana nanyi baada ya kupokea taarifa yenu. Tawi linalokufa changa kwa kawaida limeirukia meza ya majadiliano kabla ya kuihesabu vizuri namba ya pili.

Maelezo haya ni ya sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria zake, na utumishi wa umma una utaratibu wake wa majadiliano.

Chama kwanza, majina baadaye

Sheria inaruhusu wafanyakazi 20 kuanzisha chama chao wenyewe. Lakini chama kipya kinahitaji katiba, usajili na hesabu za kukaguliwa, na mzigo huo haumfai mtu mwenye kiwanda kimoja tu cha kutetea. Jiungeni na chama kilichopo. TUICO kinachukua viwanda, biashara na taasisi za fedha, CHODAWU hoteli na kazi za majumbani, TPAWU mashamba, TAMICO migodi na ujenzi.

Watu wawili au watatu waende ofisi ya chama ya mkoa na maswali manne: ada ni kiasi gani, sehemu gani ya ada hiyo inarudi tawini, nani atakuja mwanachama akiitwa kikao cha nidhamu, na katiba inasemaje juu ya kumwondoa kiongozi. Swali la pili lisiachwe kwa kuona haya. Tawi lisilorudishiwa chochote halina nauli ya kwenda kwenye Tume inayosuluhisha migogoro ya kazi wala pesa ya kutoa nakala, na wanachama watauliza ada yao inaliwa wapi.

Fomu TUF 6

Hii ndiyo fomu ambayo mfanyakazi anamruhusu mwajiri amkate ada. Bila fomu yenye saini, mwajiri hana ruhusa ya kukata hata shilingi. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye slipu ya mshahara. Mtu anayeitwa Mama Asha na kiwanda kizima, lakini kwenye orodha ya mishahara ana majina matatu ya kuzaliwa, aandike hayo matatu. Fomu nyingi hurudishwa na mhasibu kwa sababu ndogo kama hizo: jina halifanani, tarehe haipo, saini ni ya mwenzake aliyemsaidia kujaza.

Tengenezeni nakala tatu: ya mwajiri, ya chama na ya tawi. Kila fomu ipigwe picha kwa simu kabla haijatoka mkononi.

Zikusanyeni nje ya saa za kazi, na msipeleke fomu tatu za mwanzo peke yake. Kumfukuza mtu kwa sababu ya uanachama ni marufuku, lakini mwajiri hataandika sababu hiyo kwenye barua. Ataandika utoro au utendaji mbovu, na mfanyakazi atakaa miezi akiipinga barua hiyo. Fomu 40 zikiingia siku moja hakuna wa kunyooshewa kidole.

Wasimamizi wa zamu huambiwa kwamba wao ni menejimenti na hawaruhusiwi kujiunga. Wengi huamini. Anayezuiwa kuwa katika chama kimoja na wafanyakazi wa kawaida ni meneja wa ngazi ya juu, yaani anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kusaini mkataba wa hali bora. Msimamizi anayepanga zamu na kuhesabu mizigo hayumo humo.

Hesabu ya wengi

Chukueni mfano wa kiwanda chenye watu 140 getini. Sita ni menejimenti ya juu. Watu 22 wameletwa na kampuni nyingine na mikataba yao imesainiwa na kampuni hiyo, kwa hiyo kisheria mwajiri wao ni mwingine. Wanabaki 112. Nusu yake ni 56, na wengi wanaanzia 57.

Msisimame kwenye 57. Mkataba wa mtu wa msimu utaisha, mwingine atahama, na mwanachama anaweza kujitoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Anayepeleka barua ya kudai chama kitambuliwe akiwa na 57 anaweza kufika mbele ya msuluhishi akiwa na 51. Lengeni 70. Na hesabu ifanywe idara kwa idara: mkiwa na watu 40 wa ufungashaji na wawili tu wa karakana, mwajiri ataona ufa huo kabla yenu.

Wale 22 msiwatupe. Hawaingii kwenye hesabu hii, lakini wanaweza kujiunga na chama na kudai haki kwa mwajiri wao.

Barua, na siku 30

Taarifa ni mbili, na kuzichanganya kunaleta ubishi usio na lazima. Ya kwanza inadai haki za chama kazini: maofisa wa chama kuingia kuonana na wanachama, kukatwa ada, kuchagua wawakilishi, kupata nyenzo za kufanyia kazi. Ya pili inadai chama kitambuliwe kuwa wakala pekee wa majadiliano, na hii ndiyo inayohitaji zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Katika toleo la sheria la 2019 iko kwenye kifungu cha 67. Kila moja ina fomu yake ya kikanuni, na katibu wa chama wa mkoa anazo.

Barua ipelekwe na kitabu cha dispachi. Apokeaye aandike jina, saini na tarehe, na agonge muhuri. Siku 30 zinahesabiwa kutoka siku mwajiri alipopokea taarifa, na bila tarehe hiyo hamna pa kuanzia. Mapokezi wakikataa, andikeni palepale nani alikataa, saa ngapi na nani alishuhudia, kisha itumeni kwa posta ya rejista.

Siku 30 zikipita bila kikao, au kikao kikivunjika, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kwa fomu yao namba 1. Usuluhishi ukishindikana, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ndiyo inayoamua, na kama ubishi ni juu ya idadi inaweza kuagiza kura ipigwe. Hapo ndipo zile fomu 13 zilizozidi 57 zinapowaokoa.

Ada ikianza kukatwa

Mwajiri anatakiwa kuifikisha ada kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, pamoja na orodha ya majina ya waliokatwa. Akichelewa bila sababu ya msingi, anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku ya kuchelewa. Wanachama 70 wenye mshahara wa 300,000, ada ikiwa asilimia 2, wanatoa 420,000 kwa mwezi. Adhabu yake ni 21,000 kwa siku. Barua ya kukumbusha iandikwe tarehe 8, kwa upole, na hesabu hiyo ikiwa ndani yake.

Wawakilishi

Wanachama 1 hadi 9 wana mwakilishi mmoja. Kuanzia 10 hadi 20, watatu. Kuanzia 21 hadi 100, kumi. Wakizidi 100, kumi na watano, na angalau watano kati yao wawawakilishe wanawake, iwapo wamo katika chama. Gawanyeni nafasi kwa idara na kwa zamu. Zamu ya usiku isiyo na mwakilishi huonewa kimyakimya, kwa kuwa ofisi za chama zimefungwa saa hizo. Watu hupenda kumchagua mwenye sauti kubwa. Mchagueni anayesoma karatasi hadi mwisho na kuzitunza.

Kazi yake kubwa itakuwa kikao cha nidhamu. Mfanyakazi anayeshtakiwa apewe mashtaka kwa maandishi, na muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Mwakilishi akifika afanye haya bila haraka: asome kosa lililotajwa na kanuni iliyovunjwa, aombe kuona ushahidi kabla shahidi hajaanza kusema, na aandike muhtasari wake mwenyewe hata kama afisa utumishi anaandika wa kwake. Mwishoni mfanyakazi atapewa karatasi ya kusaini. Hapo wengi hupotea, maana karatasi inaweza kuwa na maneno "nakubali kosa" katikati ya ukurasa. Isomwe kwa sauti. Kama kuna lisilo kweli, aandike juu ya saini yake: "Nimepokea, sikubaliani na maelezo." Akifukuzwa, ana siku 30 za kufungua mgogoro CMA. Siku ya 31 ataanza kuomba kuongezewa muda, na huenda asipewe.

Mwakilishi ana haki ya muda wa kutosha wenye malipo kufanya kazi hizi. Neno "wa kutosha" huleta ugomvi, kwa hiyo kubalianeni saa na siku, kwa maandishi.

Mkataba wa hali bora

Kabla ya kuandika dai lolote, wekeni mezani kile ambacho sheria imeshatoa: saa 45 kwa wiki, saa za ziada kulipwa mara moja na nusu, siku ya mapumziko na sikukuu mara mbili, nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku, likizo ya mwaka ya siku 28, uzazi siku 84, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka hadi miaka 10. Mkataba unaorudia hayo haujaongeza kitu. Inasikitisha kuona watu wameketi miezi minane na kutoka na likizo ya siku 28 wakipiga vigelegele. Kila kipengele kiulizwe swali moja: kiko juu ya sheria kwa kiasi gani?

Kila dai liwe na bei. Chakula cha 2,000 kwa siku, watu 112, siku 26, ni 5,824,000 kwa mwezi. Mkiingia na namba hiyo, mwajiri hawezi kusema tu kwamba dai ni kubwa. Itabidi aonyeshe kwa nini hawezi. Chama kilichotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano, basi ziombeni kwa barua wiki kadhaa kabla. Pangeni mapema pia lipi hamtaachia na lipi mtaliachia, na mkubaliane nani anasema na nani anaandika. Wawakilishi wakianza kubishana wenyewe mbele ya mwajiri, siku hiyo imekwisha.

Andikeni kwa Kiswahili. Epukeni "posho itaangaliwa" au "mwajiri atajitahidi". Wekeni kiasi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi mezani. Mkataba unafunga tangu saini ya mwisho, isipokuwa umesema vingine, na nakala hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Unawahusu hata wasio wanachama. Kwa sababu hiyo chama kinaweza kukubaliana na mwajiri juu ya ada ya uwakala kwa wasiojiunga, isiyozidi ada ya mwanachama, iwekwe akaunti ya peke yake na itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapo tu.

Mgomo ni halali pale tu mgogoro ni wa maslahi, kama nyongeza ya mshahara, usuluhishi wa siku 30 umekwisha bila mwafaka, kura imepigwa kwa mujibu wa katiba ya chama na mwajiri amepewa notisi ya saa 48. Huduma za lazima, kama maji, umeme na afya, zina njia nyingine. Kutolipwa saa za ziada zilizokwisha fanyika ni mgogoro wa haki; huo unapelekwa CMA, na kuugomea kunaweza kuwagharimu watu ajira.

Mkataba ukisainiwa, mhazini wa tawi aendelee kulinganisha kila mwezi orodha ya waliokatwa na idadi ya wafanyakazi. Wanachama wakishuka chini ya nusu, mwajiri anaweza kukipa chama notisi ya miezi 3 kurudi juu ya nusu, la sivyo aondoe utambuzi. Kwa hiyo kila mfanyakazi mpya akutane na fomu TUF 6 wiki yake ya kwanza kazini, mkononi mwa mwakilishi wa zamu yake.