Mnaenda misheni na watoto? Anzeni na mambo ya hapa Nairobi

Wapendwa, mwezi huu familia mbili za kanisani zimeniuliza swali moja, tunaanzia wapi, na nimechoka kurekodi sauti za dakika saba WhatsApp, kwa hivyo wacha niandike mara moja. Sisi tulienda Chad, mimi na mama watoto na watoto wawili, mmoja alikuwa na miaka 8 mwingine 4, tulitoka Donholm hapa Nairobi. Kujiandaa kulitumaliza miezi 14 na bado kuna vitu tulisahau.

Venye nimeona mimi, kinachorudisha watu nyumbani mapema sio joto la kule wala chakula. Ni vitu waliacha vikining'inia huku. Deni, mzazi mgonjwa, ama mke ambaye ukweli ni kwamba hajawahi kukubali. Ndio maana sehemu kubwa ya hii story ni ya Nairobi, sio ya Chad.

Kaeni chini wawili kwanza, bila pasta. Mama watoto alikuwa ameniambia "sawa" mwaka mzima, mpaka jioni moja anaosha vyombo akaniuliza bila hata kugeuka, "Na mimi nitakuwa nafanya nini huko?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kutoa barua ya kanisa kwa droo nikasoma tena, jina langu lilikuwa limeandikwa kamili na kazi yangu, yeye ameandikwa "pamoja na familia". Yeye ni nesi, miaka 11 kazini! Tulirudi kwa kamati ya misheni barua ikaandikwa upya, majina mawili, kazi mbili. Msiendelee na kitu kingine kabla hiyo iishe, hata pasipoti.

Pesa sasa. Ahadi sio pesa. Watu wataahidi Jumapili wakiwa wameguswa, na wanamaanisha kabisa, lakini Januari kuna school fees. Sisi tulifanya hivi: kila aliyeahidi tukamwomba aanze kutuma miezi sita kabla hatujaondoka, hata kama ni mia tano, kwa paybill ya kanisa na sio kwa namba yangu. Ile inayoingia miezi sita mfululizo ndio bajeti yenu, ingine hesabuni kama baraka. Na mkumbuke mnachangiwa shilingi lakini mtakula kwa pesa ya wenyewe. Chad wanatumia faranga ya CFA na hiyo imefungwa na yuro, 655.957 kwa yuro moja, haisongi. Ikianguka ni shilingi yetu, ninyi ndio mnaanguka. Mnakumbuka Januari 2024 dola ilipita 160 halafu mwaka huo huo ikarudi karibu 130? Mtu akiwa nje, tofauti kama hiyo ni rent. Wekeni nafasi ya kupumua.

Halafu SACCO. Hapa ndio watu wengi huumia. Loan yako unaijua, lakini umeguarantee nani? Kaa na statement uangalie. Mimi nilikuwa nimesimamia loan za watu watatu, mmoja hata sikumbuki vizuri venye ilifanyika, na huwezi toa deposits zako kama zimeshikwa na mtu ambaye hajalipa. Ilibidi nitafute kila mmoja abadilishe mdhamini, na hiyo peke yake ilikula miezi mitatu na urafiki mmoja. HELB, ule mkopo wa chuo, kama bado mnalipa pangeni standing order. KRA, watu wa kodi, nayo haijali kama umeokoka, ukiwa na PIN unafile kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni hata kama ni nil. Na kama kuna ploti, gari ama kitu chochote kinaweza kuhitaji sahihi, nendeni kwa wakili mwandike mamlaka ya uwakilishi kwa mtu mmoja mnayemwamini, mmoja tu, sio "ndugu zangu wataangalia".

Makaratasi hayana story nyingi. Pasipoti mnaapply kwa eCitizen halafu mnaenda Nyayo House kupigwa picha na alama za vidole. Ya mtoto inataka birth certificate na wazazi wote wawili wakubali, kwa hivyo kama majina ya birth certificate hayafanani na ya kitambulisho rekebisheni sasa, sio wiki ya mwisho. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe imebaki na miezi sita. Cheti cha tabia njema cha polisi wa DCI pia kinaanzia eCitizen. Piga kopi ya kila kitu, moja mwachie mtu wa Nairobi.

Afya. Chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano, inaanza kutambulika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo usidungwe Jumanne na ndege ni Ijumaa. Ukishadungwa ni ya maisha, sheria ya miaka kumi iliondolewa 2016. Mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hadungwi, ongeeni na daktari. Malaria nayo msiichukulie poa, mtoto aliyekulia Nairobi mwili wake hauijui kabisa, muulizeni daktari dawa ya kuzuia na mbebe neti zenu. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa 1844 alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwaka huo huo. Sisi tuna dawa, basi tuzimeze.

Lugha, anzeni hapa hapa town. Chad lugha rasmi ni Kifaransa na Kiarabu. Kifaransa tulisoma Alliance Française jioni baada ya kazi, tukisinzia. Kiarabu cha sokoni kilituingia haraka kuliko tulivyodhani juu Kiswahili kimeshakula nusu, wa miaka 4 alishangaa kusikia muuzaji akihesabu sita, saba, tisa kama wa kwao Donholm, na sabuni ni sabuni tu. Kwa shule mtoe report zote na barua ya kuhama, kule mfumo ni wa Kifaransa, sisi tulifundisha nyumbani mwaka wa kwanza.

Chakula msiwe na wasiwasi sana. Wanasonga ugali wa mtama na wa uwele, unaliwa na mchuzi wa bamia. Joto ndio ujiandae, Aprili N'Djamena inapita nyuzi 40, zile jaketi za Julai wachieni binamu.

Mizigo ilikuwa kilo 23 kila begi. Usiku wa mwisho tuliazima mizani ya kuning'inia kwa jamaa wa vyuma vikuukuu hapo nyuma, tukaitundika kwa mlango wa choo. Begi la kijana likasoma 26. Fungua hivi, chini kabisa, ndani ya soksi, chupa ya jemu imejaa bano, zile gololi za kuchezea. Zote alizowahi kushinda, na kufuli kubwa ya baiskeli ambayo tulikuwa tumeshaiuza. Mama yake akaangalia kidogo, akatoa paketi mbili za unga wa ugali na kufuli, bano zikaenda Chad. Mpe kila mtoto kilo zake na usizikague.

Wazazi nimewaweka mwisho na walifaa kuwa wa kwanza. Msiwaambie kwa simu. Tulienda ushago wikendi mbili, ya kwanza ya kuwaambia, ya pili ya kusikiliza. Mama mkwe alinyamaza wikendi ya kwanza yote. Ya pili, tukiwa tunachambua mboga nje, akauliza, "Nikifa mtakuja?" Usijibu hilo swali na Bible verse. Tulimwambia ukweli, pengine mmoja wetu, na tukafungua akaunti ya tiketi moja ya kwenda na kurudi ambayo haiguswi hata tukilala njaa, na shemeji ndiye ana kadi ya bima ya mama na namba ya daktari wake. Akasema, "Basi huyo mmoja awe mtoto wangu." Tukaandika hivyo.

Siku ya kuondoka, ombeweni Jumapili kanisani mmalizane hapo. JKIA nendeni na gari moja, masaa matatu kabla. Sisi tulikuja na matatu mbili zimejaa kwaya, askari akatufukuza wimbo wa kwanza haujaisha na mtoto mdogo akabaki kwa ile matatu ya pili, tulirudi kumtoa tukikimbia. Na mbebe kalamu mbili. Ndege ilipotua tulikuwa na fomu nne za kujaza na kalamu moja ambayo haikuwa yetu.