SOMO: Kumpeleka ng'ombe wa maziwa kwenye maonyesho ya ASK, yaani Chama cha Kilimo cha Kenya (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila Nakuru Show ikikaribia, simu yangu hailali. Basi nimeyaandika yote hapa. Ukiuliza lililomo, nitakurudisha juu.

1. Jiandikishe mapema katika tawi lako la ASK, uulize ng'ombe wako anaingia kundi gani.

2. Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo ipigwe wiki tatu kabla, si juzi yake. Kibali cha kusafirisha utakipata kwa daktari wa mifugo wa serikali.

3. Mzoeshe kamba kuanzia miezi miwili kabla, dakika chache kila jioni. Mtoto atakayemwongoza ndiye amfundishe, maana ng'ombe hamjui baba anayetokea mjini Ijumaa.

4. Osha, nyoa, safisha kwato na masikio.

5. Beba nyasi na pumba za nyumbani. Ukimbadilishia chakula ghafla ataharisha, na tumbo lililonywea halishindi kitu.

6. Kiwele. Hapa ndipo watu wanapoharibu kila mwaka. Jaji anakipa kiwele uzito kuliko kiungo kingine chochote: kimeshikana vipi na tumbo, kimeshuka kufikia wapi ukilinganisha na goti la nyuma, chuchu zimekaaje. Kwa hiyo kila mtu anataka kijae saa ya kuitwa. Kijae, ndiyo, lakini kisimuumize mnyama. Ng'ombe akirukishwa kukamwa, chuchu zitavuja mbele ya jaji, atatembea kwa kutanua miguu, na ukifika nyumbani unamtafuta daktari kwa ugonjwa wa kiwele. Pata ratiba ya kundi lako, kisha sogeza saa za kukama kidogo kidogo siku kadhaa kabla, ili saa ya uwanjani iangukie karibu na saa yake ya kukamwa. Na ratiba huchelewa! Mgeni rasmi asipofika, mnasimama juani. Maziwa yakianza kudondoka, mkamue. Utepe utapatikana mwaka ujao. Na USIZIBE chuchu kwa gundi. Watu wanafanya. Ni ukatili, na jaji akigusa anajua.

7. Uwanjani: vaa dastikoti (koti refu la kazi) nyeupe, kichwa cha ng'ombe juu, miguu ya mbele kwenye mwinuko kidogo. Mtazame jaji, si jamaa zako kwenye uzio.

8. Ukirudi, mtenge na wenzake wiki mbili. Huko amepumuliana na mifugo ya kila kona.

MASWALI

– Boss, show ni wiki ijayo na mtamba wangu hajawahi kufungwa kamba. Nifanyeje?
Hatua ya 3. Mwaka huu nunua tiketi uje kutazama.

– Kuna sindano ya kukuza kiwele haraka?
Hapana. Na usiulize tena hapa.

– Samahani mwalimu, wangu ni Friesian lakini hana karatasi za ukoo. Nianzie wapi?
Swali zuri, dada. Kitabu cha ukoo cha Kenya kina ngazi nne, kuanzia chini: foundation, intermediate, appendix, halafu pedigree. Wako akikubaliwa anaingia ya chini. Mpandishe kwa mbegu ya dume mwenye ukoo, tunza risiti ya mpandishaji, na ndama jike atasajiliwa ngazi ya juu yake. Ni kazi ya vizazi, kwa hiyo anza na daftari leo: tarehe ya kuzaliwa, mama, dume.

– Binti yangu yuko 4K (klabu ya kilimo) shuleni, ana miaka kumi. Aongoze ng'ombe mkubwa?
Mpe ndama, mama. Amlishe mwenyewe, watajuana.

– Wangu hukataa maji ya ugenini.
Tia molasi kidogo kwenye maji ya nyumbani wiki mbili kabla, na uibebe. Huko atasikia ladha ileile.

– Nyongeza: mabaka meupe yakiwa ya manjano, suuza kwa buluu ya kufulia.
Kweli, lakini tone tu kwenye ndoo nzima. Kuna aliyemwaga pakiti, akaingia uwanjani na Friesian wa samawati.