SOMO: Kukusanya mimea ya asili ya Dodoma wakati wa kifuku (soma yote kabla ya kuuliza)

Kila mwaka mvua zikishika naulizwa swali lilelile: "Mwalimu, sampuli zangu zimeoza, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na ndiyo miezi ambayo mimea yetu inajitambulisha. Ukipanda Mlima wa Simba kiangazi unakuta vijiti vitupu. Commiphora (miti ya jamii ya manemane) moja na nyingine utazitofautishaje bila majani?

1. Vaa buti za mpira. Udongo mweusi wa mbuga unavua raba.

2. Toka saa 12 asubuhi. Kongwa (Commelina) hufungua ua lake la buluu asubuhi tu. Ikikaribia saa sita petali zimeshakuwa ute. Lipige picha palepale, maana kwenye gazeti tunalobania mmea ukauke rangi haibaki.

3. Korongo lenye maji usivuke.

4. Kata tawi lenye maua au matunda. Mmea mdogo ung'oe na mizizi yake.

5. Lebo iandikwe kwa penseli: mahali, tarehe, aina ya udongo, urefu wa mmea, rangi ya ua, harufu. Wino wa kalamu unayeyuka na mvua.

6. KUKAUSHA. Hapa tulieni. Niliwahi kupoteza mzigo mzima kutoka Hombolo. Nilibana mimea kati ya magazeti ikiwa bado na maji ya mvua, nikakaza mikanda, nikaiacha siku tatu. Kufungua, harufu ya uyoga. Mlenda pori ulikuwa mweusi, unateleza, gazeti limegandana nao. Tawi la mgunga lilikuwa limepukutisha vijani vyote, imebaki miiba. Mimea ile niliikuta ikiwa na maua siku ile tu. Niliporudi yalikuwa yameisha. Bado inaniuma.

Basi fanya hivi. Kung'uta maji, futa kwa kitambaa, acha nusu saa kivulini penye upepo, ndipo ubane. Jioni ileile badilisha magazeti yote. Siku tatu zinazofuata badilisha asubuhi na jioni, kisha mara moja kwa siku mpaka ukigusisha jani shavuni husikii ubaridi. Kati ya sampuli weka vipande vya boksi lenye mifereji ili hewa ipite. Gazeti lililolowa lianike kwanza, USILIRUDISHE na unyevu. USIACHE sampuli kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gari. Mimea minene kama shubiri ichovye kwenye maji yanayochemka sekunde chache, maua yabaki nje. Usipofanya hivyo itaendelea kuchipua humo humo ndani ya gazeti.

7. Msitu wa hifadhi unahitaji kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwanza.

MASWALI

Kijana wa Nkuhungu: Mbona mwarobaini hujautaja? Umejaa mji mzima.
— Asili yake ni Asia ya Kusini. Soma kichwa cha somo.

Msomi26: Nimeweka picha ya jani, ni mmea gani huu?
— Hatua ya 4.

Msomi26: Lakini mwalimu jani linaonekana vizuri kabisa.
— Majani ya namna hiyo yapo kwenye mimea mingi. Rudi na ua, nitakujibu siku hiyohiyo.

Binti Manyoni: Shikamoo mwalimu. Huku vichaka vya Itigi vimesongamana, mtu anapita kwa kuinama. Nianze kutafuta nini?
— Marahaba binti yangu. Hapo ulipo ni hazina. Vichaka vya namna hiyo ni vichache sana duniani. Anza na Baphia burttii: maua meupe yenye doa la njano katikati. Jina ni la B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Tanganyika mpaka alipofariki 1938. Kisha tafuta Pseudoprosopis fischeri. Kusanya nakala mbili za kila mmea, moja ibaki kwako, nyingine iende hebaria ya taifa (hazina ya mimea iliyokaushwa) kule Arusha. Ukikwama niandikie, nitakusaidia kusoma maua.

Mama Zabibu: Kuna ua jekundu na njano linalopanda, ncha ya jani imejikunja kama mkia wa kinyonga. Watoto wanalichezea.
— Gloriosa superba. Lina sumu kote, kiazi chake ndicho kibaya zaidi. Watoto wanawe mikono, na kiazi kisikae karibu na viazi vya jikoni.

Mama Zabibu: Asante. Na hiyo ya kugusisha shavuni, sisi tunafanya hivyo kwa mlenda kabla ya kuutwanga. Tunauanika juu ya jiwe, si chini, na wingu likitanda tunauingiza ndani.
— Jiwe la moto linakausha kwa chini pia. Mama, unaugeuza mara ngapi kwa siku?

Mama Zabibu: Mara mbili. Ukigeuza sana majani yanakatika.