Mshale ukimpata mnyama, usimkimbilie

Mkienda kuwinda kwa upinde wikendi na marafiki, kubalianeni kabla ya kutoka kambini: mshale ukimpata mnyama, hakuna kukimbia. Mshale huua kwa kumwaga damu, na mnyama asiyefukuzwa mara nyingi hulala karibu. Akifukuzwa huenda mbali mkampoteza, naye akateseka bure. Hilo huniuma kuliko kurudi mikono mitupu.

Tazama saa. Kariri mahali alipokuwa amesimama na mti wa mwisho aliopita, kisha ukague mshale taratibu. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni ya mapafu: ngoja angalau nusu saa. Damu iliyoiva, karibu nyeusi, kwa kawaida hutoka kwenye ini. Hapo ngoja kwa muda wa saa 4 au zaidi. Ukiona majimaji ya kijani yanayonuka, mshale umepita tumboni, basi rudini kambini mkoke moto, mngoje kwa muda wa saa 8 hadi 12, isipokuwa mvua ikikaribia kuosha alama.

Wa kufuatilia damu ni wawili au watatu tu, wakitembea pembeni yake wasiikanyage.