Fangasi wa miguu: kupaka dawa mpaka wapone kweli

Dukani kwangu Ngamiani, Tanga, wanaokuja na fangasi wa vidoleni wengi ni wavuvi na vijana wanaoshinda ndani ya gambuti. Nusu yao tyubu wanayo nyumbani. Waliipaka mguu ukiwa mbichi, wakaiacha siku muwasho ulipokata.

1. Tazama. Anza kati ya kidole kidogo na jirani yake. Ngozi ni nyeupe, imelowa kama ya mfua nguo, inabanduka na kuwasha. Ukiona usaha au uvimbe wenye joto, au kama una kisukari, ishia hapa uende hospitali.

2. Chagua dawa. Klotrimazoli ya asilimia 1 yatosha. Terbinafini nayo ni nzuri, kwa kawaida wiki 1 tu. Krimu ya mchanganyiko, hapana. Mzee mmoja alinibana: "Mwanangu, nipe ile, inakata siku hiyohiyo." Inakata kweli, maana ina betamethasoni, steroidi inayozima muwasho huku fangasi wakitambaa chini kwa chini. Nilimnyima, akanuna.

3. Kausha. Hapa ndipo penye kazi. Osha kwa sabuni, kisha chukua kipande cha kanga kuukuu ukipitishe kati ya kidole kimoja kimoja, taratibu, kama unayefuta chemni ya taa. Acha mguu upigwe na upepo dakika 10. Wewe unayetawadha mara tano kwa siku, maji hubaki humohumo. Kila ukimaliza, futa kabla ya kuvaa makubazi. Kitambaa kiwe cha miguu tu. Ukijifutia kinenani, umewahamishia fangasi makazi huko.

4. Paka. Kiasi cha punje ya kunde kwa mguu, asubuhi na usiku, ukivuka ukingo wa ugonjwa kwa sentimita 2 hivi. Sugua mpaka ipotee. Rojo jeupe likibaki kati ya vidole, umezidisha. Nawa mikono.

5. Usiache. Muwasho hutulia siku chache tu. Klotrimazoli endelea wiki 2 baada ya ngozi kurudi sawa. Mara nyingi jumla hufika wiki 4. Gambuti zianike juani, soksi badili kila siku.

Kucha ikishanenepa na kugeuka njano, usipoteze hela ya krimu: haipenyi. Muone daktari, huenda ukahitaji vidonge.